Upatu wa Kutajana

Palikuwa na nchi, jina lake tuliache, maana msimulizi wenu bado ana ndugu wanaosubiri pasipoti huko. Ilikuwa nchi njema, yenye mito, milima na wizara thelathini na nane. Mojawapo iliitwa Wizara ya Elimu ya Juu Sana, isije ikachanganywa na Wizara ya Elimu ya Juu, ambayo nayo ilikuwapo na ilikuwa na magari yake.

Chini ya hiyo ya Juu Sana kulikuwa na Chuo Kikuu cha Sayansi, Teknolojia na Mengineyo. Sayansi walikuwa na jengo la ghorofa nane. Teknolojia walikuwa na lifti, ingawa jengo lao halikuwa na ghorofa. Mengineyo, yaani historia, fasihi, falsafa, lugha, dini, sanaa na jiografia, kila somo na mhadhiri wake mmoja, walikuwa na nyumba kuukuu ya bati nyuma ya kantini, na ubao mmoja uliohama nao darasa hadi darasa. Mgeni akiuliza kwa nini kitivo kizima kinaitwa Mengineyo, aliambiwa kwamba siku ya kuandika hati ya chuo wajumbe walifika kwenye ajenda ya mwisho wakiwa na njaa.

Mhadhiri wa historia alikuwa Dk. Kibwana Shomvi, mtu wa miaka hamsini na sita, mgongo mbovu na koti moja. Alisoma ng'ambo, jambo ambalo hakupenda kulitaja, isipokuwa asubuhi na jioni. Kazi ya maisha yake ilikuwa historia ya kisima cha kijiji cha Pangawazi, safari ya nusu siku kutoka chuoni. Alikuwa ameishughulikia miaka kumi na miwili na sasa alikuwa amefika kwenye utangulizi. Ukimuuliza mwenyewe, dunia nzima ilikuwa inaisubiri kazi hiyo. Ukimuuliza mkewe, dunia ilikuwa haijaiulizia.

Basi mwezi wa tano ukaja waraka. Wizara ilikuwa imegundua, baada ya ziara ya mafunzo iliyochukua wiki sita na viongozi kumi na tisa, kwamba usomi hupimwa kwa kutajwa. Tangu siku hiyo kila mhadhiri alitakiwa awe ametajwa na wasomi wenzake, kwa maandishi, si chini ya mara arobaini kabla ya mwaka kwisha. Kitivo ambacho hata mhadhiri mmoja wake angekosa idadi hiyo kingefutwa, na nyumba yake kupewa Kituo cha Umahiri wa Kuku wa Mayai. Kituo hicho kilikuwa kimeshatajwa mara elfu moja na mia mbili, na hapakuwa na ubishi, kila aliyekula yai alikitaja.

Wakakaa kujihesabu. Katika miaka kumi, Kitivo cha Mengineyo kilikuwa kimetajwa mara tatu. Mara ya kwanza Profesa Lukindo wa falsafa, ambaye ndiye mkuu wa kitivo, alijitaja mwenyewe. Mara ya pili aliyetajwa alikuwa Lukindo mwingine, fundi wa pampu. Ya tatu ilikuwa ya Kibwana, na aliyemtaja ni mwanafunzi aliyeanza sentensi yake kwa maneno "Tofauti kabisa na anavyodhani Shomvi." Kibwana alikuwa ameukata ukurasa huo akautia kwenye fremu, ukaning'inia juu ya meza yake. Wasomi ndivyo tulivyo, tukipata kofi tunauliza kama limeandikwa.

Kikao kiliitishwa. Profesa Lukindo alifungua kwa kuuliza iwapo kitu kisichotajwa kinaweza kusemwa kwamba kipo, akajijibu kwa muda wa saa moja na nusu, na walipomwamsha mwalimu wa dini kikao kikaendelea. Ndipo aliposimama Dk. Tabu Ndekeja wa fasihi. Huyu mtaani kwake alikuwa kijumbe wa upatu wa akina mama ishirini, na katika upatu wake hakuna aliyewahi kuruka zamu akabaki na amani. Tabu hakuwa na maneno mengi. Aliwaambia wenzake kwamba dawa wanayo nyumbani, ni kucheza upatu.

"Tutajane," alisema. "Kila mwezi mmoja anapokea. Sita waliobaki kila mmoja anaandika makala na kumtaja mara saba. Sita mara saba ni arobaini na mbili. Tumemaliza."

Hesabu hiyo iliwashangaza, maana walikuwa watu wa Mengineyo, lakini waliirudia mara mbili na ikakubali. Masharti yalikuwa yale yale ya mtaani: aliyepokea hapokei tena mpaka mzunguko uishe, na akishapokea haruki zamu za wenzake. Makala zingetoka katika jarida la kitivo, lililohaririwa na Lukindo na kusomwa na Lukindo. Karatasi zikatiwa kwenye bakuli la kantini. Tabu hakuchota, akisema kijumbe mwenye haya hupokea wa mwisho, yaani mwezi wa kumi na mbili. Zamu ya kwanza ikamwangukia Kibwana.

Sasa, huwezi kutajwa kama hujasema kitu, na Kibwana alipewa siku nane awe amesema. Akaketi akaandika kuhusu kisima cha Pangawazi: mawe yake, kina chake, na akina mama waliokichimba mwaka wa njaa. Aliandika vizuri, kwa sababu hilo alilijua. Lakini jarida lilidai kurasa ishirini na yeye alikuwa na kumi na tisa. Siku ya nane, saa kumi jioni, Lukindo akiwa amesimama mlangoni anagonga saa yake kwa kidole, Kibwana akatia malkia.

Alimwita Malkia Sikitu, jina la shangazi yake aliyemlea kwa mwiko wa ugali. Malkia huyo alikilinda kisima dhidi ya wavamizi kwa kuwamwagia uji wa moto, na Mungu amsamehe mwandishi, habari hizo zilijaza ukurasa sawasawa. Chini akaweka tanbihi kwamba habari hizo alisimuliwa na mzee mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe. Mzee mwenyewe alikuwa yeye, na ni kweli hakutaka.

Wenzake sita walipoisoma makala, hakuna aliyesimama kwenye mawe wala kwenye kina. Wote walikwenda moja kwa moja kwenye uji. Lukindo aliandika "Falsafa ya Uji: Ukarimu Mkali katika Fikra za Sikitu." Tabu aliandika juu ya tenzi za Sikitu, akaeleza kwa masikitiko kwamba zote zilipotea, kisha akazichambua. Mwalimu wa lugha alithibitisha kuwa malkia alisema kwa lahaja ambayo haina wasemaji wengine. Mwalimu wa sanaa aligundua kuwa alitumia mkono wa kushoto. Mwezi uliofuata akapokea mwingine, na huyo naye alikuwa ameandika nini? Sikitu. Kila aliyemtaja mwenzake alimtaja na malkia, na kwa kuwa makala sharti iwe na mchango mpya, kila mmoja alimwongezea kitu, mume, ugonjwa, sikukuu ya kuzaliwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kuona mwongo mwenye wenzake sita.

Kibwana alitajwa mara arobaini na mbili. Msimcheke, nyie mmetajwa mara ngapi? Alipandishwa cheo akawa Profesa. Akanunua koti la pili. Muuza samaki akawa anamwita Profesa hata anapompa samaki wa jana, naye akawa anawapokea. Kuna siku mkewe alimkuta amesimama mbele ya kioo cha bafuni akijisemea, "Kama anavyoeleza Shomvi." Furaha yenyewe, jamani, ilikuwa furaha ya kweli.

Kufikia mwezi wa kumi, Malkia Sikitu alikuwa ametajwa mara mia tisa na kumi na nne, kuliko msomi yeyote wa nchi ile, aliye hai au mwenye mshahara. Wizara ikaona. Waziri akasomewa muhtasari wa muhtasari, akasikitika kwamba nchi jirani zilikuwa na malkia wawili wawili katika historia zao na hii yake ilikuwa haina hata mmoja. Akatangaza kujengwa kwa Kaburi la Taifa la Malkia Sikitu, la marumaru, lenye uzio na mnara. Mahali pa kaburi palikuwa pamekwisha kupatikana, kwa maana mwalimu wa jiografia, katika makala ya mwezi wa nane, aliona kwamba kila habari ya malkia inatokea kisimani, akakata shauri kwamba hata kuzikwa alizikwa papo hapo. Kwa hiyo kisima cha Pangawazi kitafukiwa na marumaru zitawekwa juu.

Kibwana aliisoma habari hiyo gazetini. Tuseme ukweli, kwanza aliangalia picha yake, akaona imetoka vizuri. Neno "kitafukiwa" alilifikia baadaye.

Siku ya tatu akaja Bi. Mwatime. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima cha Pangawazi, mama wa makamo anayeuelekea uzee, na kwa miaka kumi na miwili ndiye aliyempa Kibwana kitanda na chakula kila alipokwenda kuuliza maswali yake. Alikuwa amefika alfajiri, akamsubiri hadi saa nne kwenye benchi la wanafunzi. Alikataa chai. Alimweleza kwamba kaya ni mia tatu na kumi, kwamba maji mengine yako ng'ambo ya kilima, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na kwamba watakaokwenda ni wasichana, na shule itawangoja mpaka ichoke. Hakuinua sauti. Mwishoni akauliza jambo alilolijia.

"Profesa, mimi nimezaliwa Pangawazi, mama yangu kazaliwa Pangawazi, na bibi yangu pia. Huyo malkia alipita lini? Tulikuwa shamba?"

Kibwana alilitazama koti lake jipya. Alitamani lile la zamani, ambalo mtu angeweza kuona haya ndani yake bila kuonekana.

"Hakupita, Bi. Mwatime. Nilimtunga."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na ukurasa mtupu."

Bi. Mwatime alimtazama kama anayejaribu kuuona ukurasa huo na kuulinganisha na kisima. Kisha akasema kwamba kama hakutumwa na mtu, basi jambo ni rahisi, aende kwa hao wakubwa akaseme. Akaaga, akaondoka kuwahi gari la mchana.

Jambo rahisi halikuwa rahisi. Kibwana alimfuata Tabu, akamwomba upatu umsaidie: aandike makala ya kumkanusha malkia, na wenzake waitaje. Tabu alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akamkumbusha kwamba yeye alishapokea mwezi wa sita, na mzunguko haujaisha.

"Na mimi ni wa mwisho, Kibwana," alisema. "Sikitu akianguka leo, makala zote zinaanguka naye. Wewe umeshakuwa profesa. Mimi sijatajwa hata mara moja, na kitivo kitafungwa kwa ajili yangu."

Hakusema kwa ubaya. Kibwana alitamani angesema kwa ubaya, angalau apate wa kumkasirikia. Alirudi nyumbani, mkewe akamwambia mchimba kisima huingia mwenyewe, na kwamba kama anangoja ushauri mwingine hakuna.

Akaenda mbele ya Kamati ya Kitaifa ya Kumthibitisha Malkia. Walikuwa wajumbe tisa, kila mmoja na chupa yake ya maji. Upande wa kulia walikaa Profesa Lukindo na Dk. Tabu, walioitwa kama mashahidi wa kitaalamu. Kibwana alisimama, akaeleza kila kitu: kurasa kumi na tisa, saa kumi jioni, shangazi yake, mwiko. Aliposema kwamba mzee wa kwenye tanbihi ni yeye, kusema kweli alitegemea kwamba baada ya hapo mtu atapiga meza.

Hakuna aliyepiga meza. Mwenyekiti wa Kamati alivua miwani, akaifuta, akasema maneno yaliyonukuliwa baadaye katika kalenda ya wizara.

"Profesa Shomvi, taifa linakuheshimu kama mtaalamu wa kwanza wa Malkia Sikitu. Lakini wataalamu wote waliobaki hawakubaliani nawe. Yeye ametajwa mara mia tisa na kumi na nne. Kutokuwapo kwake kumetajwa na nani?"

"Na mimi," alisema Kibwana. "Leo."

"Mara moja," alisema Mwenyekiti kwa huruma.

Katibu akasoma kanuni. Kukanusha jambo lililokwisha kutajwa kulihitaji nako kutajwa mara arobaini. Kuliongezea jambo hakukuhitaji kitu, kwa sababu wizara haikutaka kudumaza ubunifu. Kibwana aliomba asomewe tena hiyo ya pili. Akasomewa. Akasimama pale, mgongo unamuuma, akaelewa kwamba ukweli wake hautamwondoa malkia pale kisimani, lakini uongo wake unaweza kumhamisha.

Akasema kwamba, kwa ruhusa ya Kamati, angependa kuongeza. Yule mzee asiyetaka jina lake litajwe alikuwa amekumbuka jambo jingine. Mwenyekiti akachangamka, akauliza kama mzee huyo bado yu hai. Kibwana akajibu kuwa yu hai, ila mgongo unamsumbua. Mzee anasema malkia hakuzikwa kisimani. Alikufa safarini.

"Akazikwa wapi?"

Hapo ndipo Kibwana aligundua kuwa hakuwa amefikiria. Kwa mawazo akampeleka malkia sokoni, akawaona wauza mchicha na mafungu yao. Akampeleka nyuma ya hospitali, pale wanapolala wenye wagonjwa. Akampeleka kwenye pori la kaskazini, akakumbuka kuwa pori lile lina muhogo, na muhogo una mwenyewe. Wizarani asingethubutu kumpeleka, na wao wasingempokea. Kila alipotaka kumlaza palikuwa na mtu aliyekwisha kupatandika. Katika nchi nzima, yenye mito, milima na wizara thelathini na nane, sehemu ambayo yeye Kibwana Shomvi angeweza kuitoa bila kumnyang'anya mtu ndoo ilikuwa moja tu, na hata hiyo haikuwa yake peke yake.

Aligeuka akamtazama Tabu. Tabu alikuwa ameshajua.

"Kibwana," alisema polepole, "usithubutu."

"Chini ya Kitivo cha Mengineyo," Kibwana akaiambia Kamati. "Kati ya mlango na ubao."

Kamati ilipitisha kwa dakika nne. Mahali penyewe palikuwa karibu na barabara ya lami, Waziri angeweza kuzindua bila kupata vumbi. Nje, kwenye korido, Tabu alimshika mkono wa koti, macho mekundu, akamwambia kwamba amewauza kwa ndoo ya maji. Kibwana akajibu ndoo mia tatu na kumi, maana historia inataka usahihi. Tabu hakucheka, akaondoka, na hakumsemesha tena kwa wiki nyingi.

Nyumba ya bati ilibomolewa mwezi wa kumi na moja. Kibwana hakuruka zamu. Aliandika ya mwezi wa kumi na moja, na ilipofika ya Tabu alimtaja mara ishirini na moja badala ya saba, akiandika juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu meza ilikwenda na nyumba. Mwaka ulipofungwa, hesabu zilionyesha kwamba Kitivo cha Mengineyo kimekuwa cha kwanza nchini. Wahadhiri wote saba sasa walikuwa maprofesa. Hawakuwa na nyumba. Walipewa hema, kisha hema likachukuliwa kwa ajili ya wageni wa uzinduzi. Wanafunzi walihamishiwa Kituo cha Kuku, na habari zinasema wanaendelea vizuri na wameanza kupata ajira.

Siku ya uzinduzi palipambwa kwelikweli. Marumaru nyeupe ilisimama pale pale, kati ya palipokuwa mlango na palipokuwa ubao. Waziri alihutubia kwa saa mbili kuhusu mchango wa wasomi, akamalizia kwa kuwavisha nishani wale maprofesa saba, waliopangwa kwenye viti vya plastiki juani. Wanawake wa Pangawazi walikuwa wameletwa kwa basi la serikali kuja kupiga vigelegele, nao walivipiga, na walipopewa soda wakanyamaza.

Bi. Mwatime alilizunguka kaburi lote, akagusa marumaru kwa kiganja. Kisha akamwita Kibwana pembeni. Alimwambia kisima kipo, juzi wamekifyeka pembezoni na kubadilisha kamba, akamshukuru kwa mikono miwili. Bado hakuondoka.

"Huyu tumempigia vigelegele asubuhi nzima," alisema. "Yumo?"

"Hayumo."

"Na kaburi lote hili. Kazikwa nani, basi?"

Kibwana aliwatazama wenzake. Lukindo alikuwa amesinzia, nishani imemlalia tumboni. Mwalimu wa jiografia alikuwa akihesabu kitu kwa vidole. Tabu alijipepea kwa karatasi ya ratiba, ambamo jina lake lilikuwamo mara nne.

"Sisi," alisema.

Bi. Mwatime hakucheka. Aliweka chupa yake ya soda chini, akajitanda kanga vizuri kichwani kama mtu anayeingia penye msiba, akaipitia ile safu ya viti mmoja mmoja, akiwapa mkono. Lukindo alizinduka mkono wake ukiwa tayari umeshikwa.

"Poleni," aliwaambia. "Poleni sana na msiba."

Tabu aliinua uso, hakuelewa. Akamtazama Kibwana, akapatazama pale marumaru ilipokuwa imesimama. Karatasi ya ratiba ikatulia mapajani mwake. Kisha akajibu kwa niaba ya kitivo kizima, kwa sauti ndogo ya mtu aliyefunzwa adabu kwao.

"Tumeshapoa, mama."